Darasa la upishi nyuma ya nyumba, Moshi: shajara ya wiki kumi na hasara zake

Jumamosi, 22 Februari 2025: Kabla ya kununua hata mwiko

Naanza kuandika leo, mfukoni fedha bado nzima, ili atakayetaka kuiga aone nilipoanzia. Nimepika hotelini miaka 11, Arusha kwanza kisha Unguja, nikarudi Moshi mwaka juzi baada ya mgongo kugoma. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mpishi wa mlimani. Kila akishuka Kilimanjaro ana wimbo mmoja: wagumu, yaani wapagazi wa mlimani wanaobeba mitungi na mayai, wanataka kuwa wapishi, na njia waliyonayo ni kuchungulia. Mgumu anamenya viazi msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku mpishi akiumwa ndiyo anakabidhiwa mwiko. Wengine wanatoka wapishi hodari kweli. Wengine wanatoka na makosa yote ya yule waliyemchungulia.

Vyuo vipo, sisemi havipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanafundisha upishi, Chuo cha Taifa cha Utalii kipo, na ng'ambo ya mpaka Kenya Utalii College inatoa wapishi tangu 1975. Ila mgumu mwenye watoto wawili, anayelipwa kwa safari, hawezi kukaa darasani Julai. Anaweza Machi hadi Mei, wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Hapo ndipo tulipopata wazo: wiki 10, siku tatu kwa wiki, watu wanane.

Siiti chuo. Chuo kinataka usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, nami sina jengo wala walimu wa kustahili jina hilo. Ni darasa, na sitoi cheti. Atakayetaka cheti nitamwelekeza kwenye urasimishaji ujuzi wa VETA, ambako mtu aliyejifunzia kazi mtaani anapimwa na kutambuliwa.

Akiba yangu ni milioni 2. Ada ni 60,000 kwa mtu, kwa awamu. Chakula nimekadiria 30,000 kwa siku. Shemeji alipoona hiyo namba aliguna, akasema, "Shem, hapo umeweka chakula cha kupika au cha kutazama?" Nikamwambia aniache, nimeshika stoo ya hoteli mimi.

Jumapili, 9 Machi: Chumba na vifaa

Stoo ya nyuma ya nyumba ya jirani, miezi minne kwa 80,000, jumla 320,000. Sakafu, rangi, sinki na bomba 215,000. Majiko mawili ya gesi ya pleti mbili 170,000. Mtungi mmoja wa kilo 15 nilikuwa nao, wa pili nimenunua pamoja na gesi yake 130,000. Visu vinane 96,000, mbao za kukatia nane 72,000, mizani ya jikoni 25,000, kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula 38,000. Jumla 1,066,000. Sufuria, karai na miiko nimetoa nyumbani, mume wangu sasa anakaangiwa mayai kwenye kifuniko.

Kosa la kwanza nimelifanya kabla ya darasa kuanza. Sinki ni moja. Watu wanane, sinki moja, na hapo hapo nataka wanawe mikono kila wanapotoka kwenye nyama mbichi kwenda kwenye kachumbari. Fundi alishaondoka na pesa imekwisha liwa. Nimeziba pengo kwa ndoo ya koki juu ya stuli karibu na mlango, beseni chini, sabuni pembeni. Imefanya kazi kuliko sinki, maana mlimani hakuna sinki, ndoo ndiyo watakayoikuta. Laiti ningejua, fedha ya sinki ingenunua mizani ya pili.

Gesi: kila kiungo cha mpira na regulata tumekipaka povu la sabuni. Mmoja ulitoa mapovu. Mpira ulikuwa mpya, tatizo lilikuwa kibano hakijakazwa. Dakika tano za kazi, nami nilitaka kuziruka.

Vyeti vya afya vya wote wanane, 120,000. Nimelipa mimi, kwa sababu mmoja alisema waziwazi kwamba akiambiwa alipe haji.

Jumamosi, 15 Machi: Wiki ya kwanza, vitunguu

Wanafunzi: wagumu sita na wasaidizi wawili wa jikoni. Wanawake wawili. Watatu wamefunga Ramadhani, hivyo kuonja ni kazi ya watano. Siku ya pili mwenye zamu ya kuonja alikuwa na mafua, supu ikatoka kama maji ya bahari. Tangu hapo waonjaji ni wawili, na chumvi inapimwa kwa kijiko kabla ya ulimi kusema lolote.

Nilifundisha nilivyofundishwa. Mpishi wangu mkuu wa kwanza alikuwa anasimama mezani, anakata kitunguu, sisi makomi, wapishi wadogo wanaojifunza, tumezunguka kimya, halafu anasema "haya". Ule mpangilio wa jikoni la hoteli, kila mtu na cheo chake na kona yake, tumeurithi kutoka kwa Mfaransa Auguste Escoffier zaidi ya miaka 100 iliyopita, na unafaa sana ukiwa na wapishi 30. Basi na mimi nikasimama, nikakata, wakatikisa vichwa. "Mmeelewa?" "Ndiyo, madam."

Walipokaa wao, nikaona sinema. Mgumu mmoja mrefu, mikono mikubwa kama koleo, alishika kisu kwa mpini wa nyuma kabisa na kidole cha shahada kimelala juu ya bapa, kama mtu anayeonyesha njia. Kitunguu kikateleza, kisu kikaishia kwenye ubao sentimita moja kutoka kwenye ukucha. Alikata kitunguu kizima hivyo, vipande vingine unene wa sarafu, vingine unene wa kidole. Akanitazama akitabasamu. Nami nilikuwa nimewaonyesha mara tatu!

Shida ilikuwa mbili. Kwanza, waliona mikono yangu kutoka mbele, kwa hiyo kwao kila kitu kilikuwa kimegeuka, kushoto kulia. Pili, visu vya 12,000 vinakuja butu, nami sikununua jiwe la kunolea. Kisu butu kinahitaji nguvu, nguvu ndiyo inayokiteleza. Jiwe nimenunua 18,000. Na sasa nasimama nyuma ya mwanafunzi, nakunja vidole vyake kwa mkono wangu, anakata mfuko mzima wa vitunguu. Kilo 10 kwa watu wanane, siku moja. Vitunguu vilivyokatwa tuligawa mtaani, nusu ya mtaa ilikula rosti jioni ile.

Jumamosi, 22 Machi: Michuzi ya Kifaransa, na hesabu inayovuja

Wiki hii ndiyo ya aibu. Hotelini mwanafunzi anaanzia michuzi mama, ile ya msingi ya Kifaransa: beshameli, velute, espanyole, mchuzi wa nyanya, holandezi. Nikaandika yote mitano ubaoni. Siagi, maziwa, mayai, mifupa ya ng'ombe ya kuchemsha nusu siku. Holandezi ilikatika mara nne, mayai 22 yakaenda.

Siku ya tatu shemeji alikuja kuangalia, akakaa kimya kama nusu saa. Halafu akauliza, kwa adabu zote, "Shem, huu mchuzi wa siagi na viini, nani anabeba siagi kilo mbili Barafu?" Darasa zima likatazama chini. Walikuwa wamewaza hivyo hivyo tangu Jumatatu, wameogopa kusema.

Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600. Mgeni aliyefika pale hataki kuona mafuta. Hamu ya kula imekwisha, tumbo limejaa gesi, kichwa kinagonga. Anachoweza kumeza ni supu, wali mlaini, viazi, uji, chai. Nilikuwa nafundisha menyu ya chumba chenye viyoyozi.

Sikuifuta yote, lakini. Unga uliokaangwa na mafuta kidogo kisha ukalainishwa kwa supu, ambao ndio msingi wa velute, ni kitu cha maana sana mlimani: unafanya supu ya karoti iwe nzito bila krimu. Tumebaki na huo tu. Tukaongeza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ambao wengi wao wanaujua kwa mama zao, na ambao ukiuponda vizuri na kupunguza mafuta ya nyama mgeni anaumaliza na kuulizia jina. Mwanafunzi wa kutoka Marangu alinifundisha mimi kuupika, kusema kweli.

Hesabu: siku sita, chakula 312,000. Yaani 52,000 kwa siku badala ya 30,000. Nilichokadiria ni chakula cha kupika mara moja. Mwanafunzi anapika mara tatu, mbili za kwanza ni za kuharibu.

Jumapili, 6 Aprili: Kipimajoto kimepanda mlima

Shemeji alipata safari ya njia ya Marangu mwishoni mwa Machi, nikampa kipimajoto changu pekee. Mume wangu alisema kitarudi vipande. Kimerudi kizima, na karatasi iliyochafuka masizi:

Moshi nyumbani, maji yanachemka nyuzi 97.
Kambi ya Mandara, mita 2,720: nyuzi 91.
Kambi ya Horombo, mita 3,720: nyuzi 88.
Kambi ya Kibo, mita 4,720: kati ya 84 na 85.

Nimezijua hizi kwa maneno miaka yote, hewa ikipungua maji huchemka mapema. Ila karatasi ile ilifanya kazi ambayo ubao wangu haukufanya. Wagumu walikuwa wanaamini maji yakitokota ni moto kamili, ukiongeza gesi yanazidi kuwa moto. Hayazidi. Unachoma gesi, mvuke unakwenda, sufuria inabaki pale pale 88. Mmoja akasema polepole, "Kwa hiyo zile safari zote mpishi alikuwa anatutuma gesi nyingine…" Akaacha sentensi hapo.

Kwa kipimo hicho tumeandika upya karibu kila kitu. Wanga wa mahindi, viazi na mchele unaiva chini ya nyuzi 84, kwa hiyo ugali, viazi na wali vinawezekana Kibo, vinataka muda na mfuniko. Kuku anahitaji kufika 70 katikati ya nyama, ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, nalo linawezekana, lakini vipande viwe vidogo. Maharage makavu kwa sufuria ya kawaida, sahau.

Kosa langu: kipimajoto kimoja. Wiki nzima kilipokuwa mlimani, darasa lilipika kwa kubahatisha. Nimenunua cha pili, 38,000.

Keki tumejaribu pia, maana kampuni nyingi zinataka keki ya siku ya kuzaliwa kambini. Sufuria ndogo ndani ya kubwa, mawe matatu chini, mfuniko na moto mdogo. Hapa Moshi inatoka. Shemeji anasema huko juu, ukiweka hamira ya unga (baking powder) ya kipimo cha nyumbani, inafura kama puto kisha inazama katikati. Anapunguza karibu nusu. Tumeandika hivyo, kwa jina lake.

Jumanne, 22 Aprili: Biashara ya sahani, jinsi nilivyojiroga

Sikukuu zilitula siku nne, tumezilipa Jumamosi.

Kwa vile chakula kilikuwa kinanimaliza, baada ya Idi nikapata akili: tuuze tulichopika. Sahani 2,500, wateja ni bodaboda wa kijiweni na mafundi wa gereji. Siku tisa tumeuza sahani 85, yaani 212,500. Kwa daftari, safi. Gharama ya siku ikashuka.

Kwa darasa, balaa. Bodaboda anataka sahani saa sita na nusu, hataki kusikia kwamba mwanafunzi anarudia wali. Siku ya tatu nikajikuta napika mimi, wao wanaosha vyombo na kubeba sahani. Siku ya sita yule binti mwenye mkono mwepesi kuliko wote alikuwa anakaanga kila siku, kwa sababu hakosei, na wale dhaifu wakarudishwa kumenya. Nimetengeneza ile ile hali niliyosema naikimbia: wanachungulia! Tofauti ni kwamba sasa wananilipa ada ili wachungulie.

Tumefunga biashara. Wateja wamenuna, mmoja bado ananidai chenji ya 500.

Mbadala, ambao ningeanza nao: kila mwanafunzi anapika chakula kidogo. Wali wa watu wawili badala ya kumi. Anaharibu robo kilo ya mchele badala ya kilo mbili, na anarudia mara tatu. Hii ndiyo iliyoshusha gharama hadi wastani wa 36,000 kwa siku bila kuuza chochote. Hesabu ni rahisi mpaka aibu.

Jumapili, 27 Aprili: Wali wa jana

Hii naiandika kwa mkono mzito.

Kwa ajili ya kubana matumizi, niliwaambia wiki iliyopita: hakuna kutupa chakula. Ijumaa tulipika wali mchana. Ukabaki sufuria nusu, nzito, imefunikwa, mezani. Stoo yetu ina bati, joto lake mnalijua. Jumamosi asubuhi wawili walikuja kufanya mazoezi, wakaukaanga na mayai na karoti, ukanukia vizuri, wakala. Saa nne asubuhi mmoja alianza kutapika, wa pili akafuata. Kufikia jioni walikuwa wamepoa. Zahanati waliwapa maji ya chumvi na sukari.

Kuna kijidudu kinachokaa kwenye mchele, kitaalamu Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu ambayo hata ukaange mpaka wali uwe kahawia, haiondoki. Hilo nalijua tangu hotelini. Nimelisimamia hotelini. Nikashindwa kulisimamia kwenye stoo yangu kwa sababu nilikuwa nahesabu mchele.

Tulichobadilisha: chakula kilichoiva kinakaa juu ya nyuzi 60 au kinapozwa haraka, kimetandazwa kwenye sinia pana, kisha friji ya jirani, au kinatupwa. Katikati ya nyuzi 5 na 60 hakikai zaidi ya saa mbili. Mlimani hamna friji, na msidanganywe na baridi ya nje, hema la jiko lina joto na sufuria nzito inashika vuguvugu usiku kucha. Huko unapika cha mlo huo, basi. Na ile kauli yangu ya "hakuna kutupa" nimeifuta mbele ya wote, nikawaomba radhi wale wawili. Mmoja alicheka akasema, "Madam, sasa tumelijua hilo somo kwa tumbo."

Jumanne, 6 Mei: Sufuria ya presha

115,000, lita 10. Kikoba kimenikopesha 500,000, nimeanzia hapa.

Maharage yaliyolowekwa usiku, kilo moja, hapa Moshi: sufuria ya kawaida saa mbili na dakika 10. Presha dakika 35 tangu kizibo kianze kupiga. Shemeji ana mizani ya kuning'inia ya kupimia mizigo, tulipima mtungi kabla na baada. Sufuria ya kawaida ilikula robo kilo ya gesi na ushee, presha kama gramu 100. Kila gramu ya gesi iko mgongoni kwa mtu, kwa hiyo darasa hili halikuhitaji kuhimizwa.

Lililoharibika: siku ya kwanza mvuke ulitokea pembeni, sauti kama nyoka, wanafunzi sita wakatoka nje kwa mpigo. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekaa upande. Hakuna aliyeungua. Tangu hapo kila mmoja anauvua mpira, anauosha, anaurudisha, anachungulia tundu la kizibo dhidi ya mwanga kama lina taka, ndipo anaruhusiwa kuwasha. Na haijazwi kupita theluthi mbili. Kwa maharage, nusu.

Jumamosi, 10 Mei: Mtihani wa hema, tumefeli

Shemeji aliazima hema la jiko. Tulilisimika uani jana saa kumi na moja jioni. Mtihani ulikuwa hivi: watu wawili wawili, majiko mawili, taa ya kichwani, chai na bisi kwanza, halafu supu, chakula kikuu na matunda kwa wageni sita, pamoja na ugali na mboga wa wagumu kumi. Wageni walikuwa majirani. Mvua ilikuja yenyewe saa kumi na mbili, hatukuilipia.

Kabla ya kupika, mzigo ulipimwa. Langoni mzigo wa mgumu unapimwa, mwisho kilo 20. Mzigo wa kwanza ulisoma 23.5. Ndani kulikuwa na makopo tisa na tikiti maji zima! Aliyelipakia alijitetea kwamba safari yake ya mwisho lilibebwa, na ni kweli, linabebwa, lakini linahesabiwa tangu mwanzo na linaliwa siku ya kwanza. Kwenye ndoo ya pili chumvi ilikuwa chini kabisa, chini ya viazi. Tumepakua ndoo nzima kwenye matope kutafuta chumvi. Na mmoja alikuja na vyakula kwenye vifuko laini vya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na hata ingeruhusiwa, mayai hayapendi.

Hayo ni ya kucheka. La kutocheka ni hili: mvua ilipozidi, jozi ya pili walifunga zipu zote za hema ili wasilowe. Majiko mawili yanawaka. Baada ya kama dakika 20 mmoja alisema kichwa kinamuuma. Shemeji, ambaye alikuwa anakula bisi na wageni, aliinuka kama amechomwa, akafungua hema pande zote mbili, akawatoa nje kwenye mvua. Moto kwenye hema lililofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mlimani kichwa kikiuma kila mtu anasema ni mwinuko. Alifoka, yeye ambaye hafoki. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nina kalamu na karatasi ya alama, na sikuona. Sikuwahi kupika kwenye hema maishani mwangu.

Supu ya jozi ile ilifika mezani nyuzi 41, wali ulikuwa na kiini. Tumefeli wote, walimu pamoja.

Jumamosi, 17 Mei: Mtihani wa pili

Tulirudia, safari hii mmoja mmoja na kwa vyakula vya watu watatu. Zipu ya juu na ya chini wazi daima, mwenye kuzifunga anaondoka mtihanini bila mjadala. Ndoo zimepakiwa kwa siku: ya leo juu, ya mwisho chini, na chumvi, viberiti, kifungua kopo na kisu kwenye kimfuko cha kitambaa kinachoning'inia shingoni kwa mpishi. Wazo la kimfuko si langu, ni la yule mrefu wa kitunguu.

Nilimtazama yeye kwa muda mrefu kuliko wengine. Alinawa kwenye ndoo ya koki bila kuambiwa. Akakata karoti vidole vimekunjwa, kisu kinapanda na kushuka ncha haiachi ubao, vipande vyote sawa kama punje za mahindi. Karoti zikaiva pamoja, dakika 12. Akaonja, akasita, akaongeza tangawizi, akaonja kwa kijiko kingine. Supu ilifika mezani nyuzi 66 kwenye hotpoti iliyotangulia kupashwa kwa maji moto. Jirani yetu mzee mmoja, ambaye hali supu za rangi hiyo, aliongezewa bakuli la pili.

Sita wamefaulu kwa kipimo cha shemeji, ambacho ni kikali kuliko changu. Wawili hawajafika, nimewaambia waje bure wakati wowote jiko likiwaka. Mmoja bado anaweka chumvi kwa kiganja cha mkono.

Jumapili, 15 Juni: Daftari

Vifaa vya mwanzo 1,066,000. Chakula siku 30, jumla 1,176,000. Gesi, mitungi mitano ya kujaza kwa 57,000, ni 285,000. Presha 115,000. Vyeti vya afya 120,000. Kipimajoto cha pili 38,000. Jiwe la kunolea 18,000. Posho ya shemeji siku 10 kwa 20,000, ni 200,000, na aliikataa mara mbili kabla ya kuipokea. Jumla 3,018,000.

Ada iliyoingia 390,000 kati ya 480,000. Sahani 212,500. Kwa hiyo mfukoni mwangu zimetoka 2,415,500. Kati ya akiba na mkopo zimebaki 84,500, na kikoba kinadai chake.

Kwa anayeiga: chakula weka 40,000 kwa siku kwa watu wanane, usijidanganye. Nunua presha na vipimajoto viwili kabla ya sinki. Mpishi wa mlimani awe mwalimu tangu siku ya kwanza, si mgeni wa wiki ya pili. Hema lisimame wiki ya tatu. Na visu vinane vya bei rahisi ni sawa, ila jiwe liwepo siku hiyo hiyo.

Msimu umeanza. Watatu wamepanda kama wasaidizi wa jikoni, mmoja kama mpishi kamili wa kundi dogo, binti mmoja ameajiriwa jikoni kwenye nyumba ya wageni mjini na anajiandaa kupimwa VETA. Waliobaki wanabeba mizigo kama mwanzo, wanasubiri nafasi. Awamu ya pili tutaanza masika ijayo, nikishamaliza deni.

Jana jioni, simu kutoka Horombo. Yule mrefu. Mtandao unakatika. "Madam, shikamoo. Maharage yameiva nadhani, dakika 35 zimefika, lakini mfuniko umegoma kufunguka, nipige na mwiko?"

Nimemwambia azime moto, asiuguse, asubiri kizibo kishuke chenyewe.